Mwali Aliyekataa Kunona

Harufu ya majani ya mpapai yaliyopondwa hunirudisha mbali sana. Nilipokuwa na miaka sita hivi, sabuni ilitoweka mjini Morogoro kama mtu aliyehama bila kuaga, tukawa tunafulia majani ya mpapai. Nguo zilitakata, sisemi uongo, ila ukizivaa unanuka kama mbuzi aliyelala shambani. Ikisikika kwamba duka fulani la mtaani kwetu Mwembesongo limepata sabuni, watu wanapanga foleni ya siku mbili, na kwa kuwa hakuna awezaye kusimama siku mbili, kila mtu anaweka jiwe lake lishike nafasi naye anakwenda kupika. Jiwe letu lilikuwa jekundu. Nilitumwa kulilinda, nikasinzia, nikaamka nikakuta jiwe la mama mmoja limekaa mbele ya letu. Nikalirudisha nyuma. Mwenyewe akaniona, akanivuta sikio mpaka nikalia kwa Kiluguru.

Jioni Mama alirudi na mche mmoja wa sabuni umefungwa karatasi. Sabuni akampa Bibi. Karatasi akabaki nayo, akainyoosha pajani, akaanza kuisoma. Ulikuwa ukurasa wa daftari la mwanafunzi wa sekondari.

Najua nimeanza mbali. Mimi ndivyo nilivyo, ukiniuliza njia ya sokoni nitakuanzia kwa babu yangu. Ila hiyo karatasi ndiyo ninayoitaka, maana miaka michache baadaye, ilipokuja ruksa ya kuagiza bidhaa nje na maduka yakajaa sabuni na kanga na mitumba ya kuchagua, Mama alianza kuuza maandazi, na maandazi yanafungwa karatasi.

Mama alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, anafundisha la tatu. Mwenyewe aliishia darasa la nane la zamani. Mshahara ulikuwa haufiki popote, basi alfajiri anakaanga maandazi, na karatasi ya kufungia anainunua kwa kilo kwa wanafunzi wa sekondari wanaomaliza shule. Kabla hajachana daftari, analipitia. La hadithi za mapenzi linakwenda kwenye maandazi. La baiolojia linakwenda chini ya kitanda. Baba alikuwa kwenye mashamba ya miwa, anakuja mwisho wa mwezi, anatazama lile rundo, anasema, "Mke wangu, siku moja tutalala chini, kitanda kilale juu ya madaftari."

Madaftari yalikuwa ya kaka yangu Kondo na dada yangu Tatu. Wote wawili walimaliza la saba, wote wawili hawakuchaguliwa kuingia sekondari, kama walivyokosa wengi wakati ule. Mama akasema hatalia. Akawafundisha nyumbani baada ya kazi, miaka miwili, wakafanya ule mtihani mdogo wa kufuzu, wakapita. Uliobaki ni mkubwa, wa kidato cha nne, unaoufanya ukiwa mtahiniwa wa kujitegemea, huna shule wala sare. Ukipita huo, chuo kipo.

Hapo ndipo Mjomba Kobelo aliposhuka kutoka Mgeta na lori la kabichi.

Sisi Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, na mwenye sauti ni mjomba. Mjomba alikaa kwenye kigoda, akanywa uji, akasema Tatu ana miaka kumi na saba na hajawekwa ndani. Wenzake wameshachezwa ngoma, wengine wana watoto. Shule ndiyo iliyochelewesha, sasa shule imekwisha. Tena yupo mtu, mfanyabiashara wa karanga wa Gairo, mtu mzuri, ameshauliza.

Mama aliendelea kukanda unga kwenye bakuli. Sauti ilitoka imenyooka. "Kaka, umesema kweli. Mweke ndani. Ila tufanye mila ya zamani kabisa, siyo hizi za sasa za wiki mbili. Mwaka mzima na zaidi, kama alivyokaa Bibi."

Mjomba alifurahi mpaka akasahau kofia yake. Alikwenda akisema mji mzima hakuna mwanamke anayeshika mila kama dada yake.

Kwa asiyejua: mwali akiwekwa ndani haonekani. Hatoki, hapiki, hachoti maji, hatazamwi na mwanamume, hata awe kaka yake. Anakula, anafundwa na somo wake, yule mama wa kumfunda, na siku ya kutolewa anatakiwa awe amenona na kung'aa. Mwali hatumwi dukani, wala hapigi soga barazani. Nani alishawahi kumpa mtoto wa kike wa Mwembesongo mwaka mzima wa kukaa tu na kitabu? Mama aliupata, na ukoo mzima ukampongeza.

Somo alikuwa Bibi, mama yake Mama na Mjomba, aliyekuwa hajui hata herufi moja. Mimi nilikuwa na miaka kumi na moja, ndiye mwenzake mwali, nalala naye na kumletea maji. Kaka Kondo hakuruhusiwa kuvuka mlango, basi alikaa ukumbini, Dada chumbani, pazia katikati, na Mama amekaa pale kizingitini kwenye mkeka, akifundisha watu wawili wasioonana. Wakikosana kwenye aljebra wanagombana kupitia pazia.

"We Kondo, umesahau kubadili alama ukivusha!"

"Nyamaza, mwali haongei!"

"Mwali anaongea akisikia upuuzi!"

Bibi alikuwepo kila siku, kwa sababu somo hawezi kuondoka mwali anapofundwa. Alichoka kukaa kimya. Akaanza kuyatia yale majina ya sehemu za moyo na mfumo wa damu kwenye nyimbo za ngoma, anapiga kofi na Dada anaitikia. Ilinata kuliko gundi. Majirani walikuwa wanapita wanasikia maneno ya Kiingereza kwa sauti ya unyago. Mama mmoja wa Kizaramo akatikisa kichwa kwa heshima, akasema hicho ni Kiluguru cha juu milimani kabisa, watu wa sasa hawakijui.

Kuna jambo moja. Mara nyingi Dada au Kaka walipouliza swali gumu, Mama alifunga daftari na kusema, "Hilo la kesho." Kesho yake analieleza vizuri, polepole, na mfano juu. Mimi niliona ni uchovu wa maandazi.

Tatizo likawa kunona. Mjomba alileta viazi, njegere, maharage, kila lori likishuka kuna kikapu cha mwali. Dada hakunona. Mtu anayelala na jedwali la kemia chini ya mto hanoni. Aliyenona ni Kaka Kondo, alikuwa anamaliza sahani zote mbili, mashavu yakamjaa, watu wakawa wanamtania kwamba mwali ni yeye. Mwezi wa saba ulipofika, msimu wa ngoma, watu wakaanza kuulizia, Mama akapeleka salamu Mgeta: mwali bado hajanona, tusimtoe atatuaibisha. Mjomba akakubali. Akaongeza siagi.

Sasa nije kwenye kosa langu. Yule mtu wa Gairo, sisi watoto tulimwita Bwana Karanga. Alipita kila mwezi na gari la mizigo, shati jeupe, kalamu mfukoni, mpole wa kweli. Hakuruhusiwa hata kuuliza jina la mwali, basi alikuwa ananiita mimi pembeni ya bomba la maji, ananipa karanga za kukaanga na bigijii, ile chingamu. Nyie, bigijii! Hadi nilipofika darasa la tatu nilikuwa sijawahi kuiona. Nilimpenda yule mtu. Nilitaka Dada aolewe naye hata kesho, nihamie Gairo nitafune hadi nizeeke.

"Mwali anaendeleaje?" akaniuliza siku hiyo. "Amenona?"

"Hajanona," nikasema, nikafungua bigijii ya pili. "Anasoma. Mwezi wa kumi na moja anafanya mtihani, halafu anakwenda chuo."

Nikaona uso wake umebadilika. Hakukasirika, alikuwa kama mtu aliyepanda gari akaambiwa siyo lake. Akanipapasa kichwa, akaondoka. Siku ya nne Mjomba alishuka, safari hii bila kabichi.

Hakusalimia vizuri. Alisimama ukumbini, akamkuta Kaka Kondo na madaftari yake, na nyuma ya pazia Dada akafunika kitabu. "Umenifanya mjinga," akamwambia Mama. "Ukoo mzima unajua mwali yumo ndani. Kumbe umefungua sekondari! Ngoma ni Jumamosi ijayo. Anatoka, anaozwa, basi."

Jumamosi ijayo. Mtihani ulikuwa bado wiki tano. Nilikuwa nimekaa kwenye ndoo, nikajua ni mdomo wangu. Nilitaka kuitema ile bigijii, lakini nilishaimeza.

Mama akasema, "Kaka, mwali anawekwa ndani kwa nini?"

"Afundwe."

"Anatolewa lini?"

"Akishafundwa."

"Na anayesema kwamba ameshafundwa ni nani? Wewe?"

Siyo yeye. Hata awe mkubwa vipi, mjomba hamtoi mwali kabla somo hajasema. Mjomba akageuka kumtazama Bibi, mama yake mzazi, aliyekuwa amekaa na miguu imenyooshwa, anachambua mchele.

"Bado," Bibi akasema.

"Mama, bado nini?"

"Bado figo. Moyo tumemaliza." Akapepeta mchele, akapuliza pumba. "Wewe Kobelo unajua damu yako ikitoka moyoni inapita wapi? Inakwenda mapafuni inatafuta hewa, inarudi, ndiyo inatumwa mwilini. Nimefunda wali miaka arobaini, hakuna aliyeniambia. Nisingekaa na huyu mwali ningekufa sijui."

"Na wewe umefundwa, Mama?" Mjomba akauliza, na nikaona mdomo unamcheza, anajizuia.

"Nimefundwa. Na mimi sijanona."

Ndipo Mjomba akacheka. Akakaa chini, akaomba chai, na walipomaliza chai alikuwa ametoa hukumu yake. Mtihani afanye, ndoa ingoje majibu. Lakini hatakwenda kama msichana wa mtaani anayezurura, wakati watu wanajua yumo ndani. Atakwenda kama mwali. Amefunikwa.

Na ndivyo ilivyokuwa. Asubuhi ya mtihani wa kwanza Dada Tatu alitoka baada ya miezi kumi na nne, kainama, kanga mbili kichwani hadi magotini, kaoneshwa njia na Bibi aliyemshika mkono. Mimi nimebeba rula na bikari. Kaka Kondo alitembea mbele hatua hamsini, asimwone. Wanawake wa barabarani walipiga vigelegele, wengine wakajiunga, tukafika kwenye lango la shule ile tukiwa kundi la watu ishirini tunaimba mzunguko wa damu.

Msimamizi alitaka kuona uso, alinganishe na picha. Haki yake. Bibi akamziba njia. "Mwanangu, mwali hatazamwi bure."

"Bibi, huu ni mtihani wa serikali."

"Na huyu ni mwali wa Waluguru. Mtunze."

Yule kijana alitazama saa, akatazama umati, akachomoa kalamu yake ya wino mfukoni akampa Bibi. Bibi akainua ncha ya kanga kidogo, msimamizi akatazama, akaitikia kwa kichwa, vigelegele vikapasua bati. Dada aliniambia baadaye kwamba mwanga ulimuumiza macho mpaka swali la tatu.

Ngoma ilifanyika mtihani ulipokwisha, kubwa, Mjomba mwenyewe alimbeba mwali begani, mwembamba hivyohivyo. Majibu yalipotoka, Kaka Kondo alifeli, akarudia mwaka uliofuata, akaingia chuo cha ufundi. Dada Tatu alipita, akapata chuo cha ualimu. Mimi sikusoma. Msidhani nilinyimwa, nafasi yangu kwenye ule mkeka ilikuwepo, Mama aliniita mpaka akachoka. Nilipenda moto na mafuta, nikarithi karai, na sijutii sana.

Nilikuwa mtu mzima, Mama ameshazeeka, nilipomuuliza kuhusu "Hilo la kesho". Akacheka, akasema alikuwa hajui. Kidato cha nne hakuna aliyewahi kumfundisha. Kila walichomuuliza, alfajiri alikuwa anakitafuta kwenye madaftari ya chini ya kitanda huku maandazi yanaumuka, na kama hakimo, anamsubiri mwanafunzi yeyote anayepita kununua, anampa andazi la bure amweleze. Miaka yote ile nilidhani nyumbani kwetu kulikuwa na wanafunzi wawili. Na nilivyobeba dhambi ya ule mdomo wangu, kumbe Mama aliona nafuu siri ilipotoka. Alisema kusema uongo kwa kaka yake ndiko kulikomchosha, hesabu hazikumchosha.

Bwana Karanga alikuja mara moja tu tena, siku ya barua ya chuo, hajui kama imefika. Alileta debe la karanga. Dada alikuwa nje, mwali aliyetoka, anaweza kusema na mtu. Akamwamkia, akamwambia mwenyewe: anakwenda chuoni miaka miwili.

Yule bwana akavua kofia. "Nimekusubiri ukiwa ndani. Nimesubiri mtihani, nimesubiri majibu. Sasa nikusubiri na ualimu?"

"Lakini kaka yangu," Dada akasema kwa upole kabisa, "mimi nilikwambia unisubiri?"

Akafikiri. Akafikiri kweli, kama mtu anayetafuta kitu mfukoni. Halafu akacheka, tena bila uchungu, akasema, "Hapana. Hilo kweli hukusema." Akaomba maji, nikamletea, akanywa amesimama, akanirudishia kikombe na bigijii moja. Debe la karanga akaliacha. Akavaa kofia yake, akavuka mtaro, akashika njia ya kwenda barabara ya Dodoma, shati jeupe likawa dogo, likawa dogo, na hakurudi tena.