Nilimfungia Lango, Nikamtolea Mgongo

Nilikosa mimi. Msinitafutie shahidi wa kunitetea, na jina langu msiulize, maana watu wa Lubao wangali wananijua.

Bendera yetu ya uhuru ilikuwa bado mpya. Kazi yangu ilikuwa kushika ufunguo wa zizi la soko. Ndani kulikuwa na tuta la udongo na magogo, la kupandishia ng'ombe kwenye lori. Tuta zuri lile! Fahali mmoja kutoka Shinyalu aligoma hapo juu, mwenye pembe moja imepinda hivi, tukamngojea nusu asubuhi tukimbembeleza kwa nyasi. Lakini siyo ya fahali nimekuja kusema.

Nilikuwa na mchumba. Nitamwita Nafula, si jina lake. Miguu yake ilikufa akiwa mtoto, akawa anatembelea mikono, amevaa viatu vya tairi viganjani. Mrembo, na mdomo alikuwa nao! Siku hiyo alikuwa anaenda mjini Kakamega kuonekana na walimu wa ushonaji, wakimpenda wamchukue chuoni, na basi letu lilikuwanga na ngazi ya kufika kiunoni.

Alikuwa ameshapanga na dereva: basi lisimame ubavuni mwa tuta, mlango ulitazame, apande mwenyewe. Dereva akakubali. Nilibaki mimi kufungua lango.

Nikakataa! Niliona haya. Nilisikia kichwani soko zima likicheka kwamba mchumba wangu anapakiwa kama ndama. Nikamwambia ile ni njia ya mifugo.

"Ng'ombe hawatanikasirikia," akasema. "Fungua."

Sikufungua. Nikamnyanyua, nikamtupa mgongoni mbele ya watu wote, bila kumuuliza. Gauni alilolishona mwenyewe likapanda mapajani, kiatu kimoja cha mkono kikaanguka matopeni. Wanawake wakapiga vigelegele. Nami, mjinga mimi, nikawapungia mkono!

Nilipomkalisha kitini hakulia. Alishusha gauni pole pole, akaniambia, "Nilikuomba njia. Mgongo sikukuomba. Kama lango la soko umeninyima, la nyumba yako utanifungulia lini?"

Walimu walimchukua. Mimi hakunichukua. Nilienda kwao mara tatu, mpaka baba yake akaniambia binti ameshasema, na yeye hana mdomo mwingine wa kunipa. Nilioa baadaye, na mama watoto namshukuru, lakini neno la Nafula halijatoka sikioni.

Yule fahali tulimngojea nusu asubuhi. Binadamu nilimnyima dakika mbili!

Sasa nina mvi, na kila nikifika kituoni nagombana na madereva juu ya ngazi za mabasi yao. Wananiita mzee wa kelele. Na waniite! Sinyamazi.

Nanyi mnaopenda kubeba watu ili msifiwe, ulizeni kwanza. Na mwenye basi asiniambie ngazi ndivyo ilivyo. Mungu hakuumba ngazi ya basi. Kuna fundi aliyeipima kwa rula yake, akasahau watu. Aitwe, apime tena.