Ini la Kuku wa Tatu

Miaka ya sabini nilifanya kazi katika maabara ndogo ya mifugo, Malaba. Daktari alinifundisha kumchanja kuku, kungoja siku chache, kumdunga wino mweusi mshipani, kisha kutazama kipande cha ini lake kwa hadubini. Ndani ya ini kuna chembe za ulinzi, zinazomeza vitu vigeni vinavyopita na damu. Kwa kuku asiyechanjwa, zote zilikuwa zimeonja wino kidogo tu. Kwa aliyechanjwa, nyingine zilikuwa zimevimba, nyeusi tii, na jirani zao safi, kama zimelala. Nilizama humo hadi nisisikie malori ya mpakani. Nilijiona natembea kando ya mto mwekundu, nikiwauliza walinzi wale mbona mmoja ameamka na mwenzake bado.

Kuku wa tatu angenithibitishia niliyoyaona kwa wawili wa kwanza. Nilimchanja Ijumaa, nikaenda naye nyumbani Amagoro, maana maabara hufungwa wikendi.

"Mama, huyu ni wa kazi. Nataka ini lake."

Jumapili nilipotoka kanisani nilimkuta mjomba, amefika kutoka Tororo bila taarifa, anatafuna firigisi ya kuku wangu, haki ya mgeni mwanamume. Nilifoka. Mama akanishangaa, akafunua sahani.

"Si ulisema unataka ini? Nimekuwekea."

Lilikuwa limechemshwa, chumvi ya kutosha. Niliinua kipande kwenye mwanga wa mlango, nikiwatafuta walinzi wangu.

Jumatatu daktari aliuliza ini lilionyesha nini. Nikamwambia lilikuwa tamu.