Lori Halina Mkuku

Nyie vijana mnaojilaza chini ya magari kama mmejilaza mkekani, nisikilizeni. Mimi sikusoma, ni juzuu chache za chuoni tu, lakini gari lililonyanyuliwa nalijua.

Enzi za Mwingereza mume wangu aliacha mashua ya baba yake, akanunua lori bovu la kubebea ufuta wa Kitomanga. Likawa linalala uani kwetu Kilwa zaidi kuliko linavyotembea. Jeki ilipomchosha, akajenga banda la kulinyanyulia: nguzo za mvule kutoka Rondo, boriti nene juu yake, na kwenye boriti akafunga kapi la mnyororo. Mashimo nilisimamia mwenyewe. Kwetu ni mchanga, nikataka wachimbe mpaka mtu azame kiunoni, kisha washindilie mawe na chokaa. Waliguna, wakachimba. Nguzo hazikutikisika.

Siku ya kwanza, yeye na mdogo wake wakavuta mnyororo, pua ya lori ikapanda juu, mimi mwenyewe nikafurahi. Wakafungua magurudumu ya mbele. Halafu, watu wa pwani hao, wakaleta magadi, ile miti ya kuegemezea chombo kikipwelewa, wakayakita mchangani kushoto na kulia yaishike pua, wakafungua mnyororo ili wakanyanyue nyuma. Shemeji yangu akashika spana, akapiga magoti aingie chini yake.

Nikamwambia asiingie.

"Shemeji, jahazi zima linasimama kwa magadi, seuze hili kopo?"

"Jahazi linakalia mkuku wake, ule uti wa mgongo wa chini. Gadi kazi yake kulizuia lisilale ubavu. Haya, lori mkuku wake uko wapi?"

Mume wangu akacheka, akasema mwanamke wa Kinjumbi anajua kukausha dagaa, ya lori awaachie wenyewe. Sikubishana. Nikaenda jikoni nikachukua mchi wa kutwangia, nikamwambia mdogo wake asogee, maana mama yake alinikabidhi mtu mzima, si chapati. Nikamuuliza mume wangu kama naruhusiwa kuligonga gadi moja.

"Gonga," akasema, mikono kiunoni.

Nikasimama mbali kadiri ya urefu wa mchi, nikaligonga chini kabisa. Likateleza. Lori likashuka kwa kishindo, kuku wakakimbilia kwa jirani. Pale shemeji alipokuwa anataka kuweka kifua, palibaki nafasi ya kupita paka, tena paka mwenye njaa. Akakaa chini, akaanza kunisalimia shikamoo, na asubuhi tulishasalimiana.

Mume wangu akaenda kutafuta magogo mafupi, manene. Nikawakusanya wote wa nyumbani, wakubwa kwa wadogo:

"Kuanzia leo lori likipanda, magogo yanalazwa chini ya chuma chake, mawili huku, mawili kule, yapandane mpaka yaliguse. Mnyororo haufunguliwi. Kwanza mnalisukuma kwa nguvu zenu zote, lisipotikisika ndipo mtu anaingia. Atakayeingia kabla, asitoke. Huko huko atapelekewa uji."