Pacha Hasalimiwi Peke Yake

Nsimba alikuwa mlangoni kwake, mtaa wa Ngiri-Ngiri, akifunga mikate ya muhogo kwa majani, aliposikia baa ya ng'ambo ikipiga wimbo wake. Hakukosea. Mtu hukosea sauti ya jirani, hakosei kilio chake mwenyewe.

Wimbo huo aliutunga siku walipomlilia pacha wake: "Nzuzi, nifungulie mlango, niko nje na mvua." Aliyempigia gitaa matangani ni kijana Fiston Elombe, aliyekuja na njaa yake, akala maharagwe mpaka akalegeza mkanda. Leo Fiston havui miwani ya jua hata chumbani, na Kinshasa nzima imebandikwa sura yake. Wimbo ni uleule, ila Nzuzi hayumo. "Didi Mbungu, nifungulie mlango!" Didi Mbungu ni tajiri wa saruji. Waimbaji wa mji huu hurusha majina ya wakubwa ndani ya nyimbo kwa malipo, na wenyewe hukuita kurusha mawe. Basi jiwe la huyo wa saruji lilikuwa limemwangukia marehemu, na kilio kikageuka kuwa ombi la ombaomba.

Akavaa kitenge chake cha sikukuu, akaenda ofisi ya haki za wanamuziki.

"Wimbo umeandikishwa kwa jina la Fiston, mama," karani akamwambia. "Una kanda?"

"Nina koo."

"Una shahidi?"

"Nzuzi."

"Basi mlete."

"Mlete wewe, mwanangu. Mimi nimeshindwa."

Karani akainama, akajifanya anatafuta kalamu. "Ndiyo sheria, mama. Aliyeandikisha ndiye mwenyewe."

"Na jirani akimwandikisha mwanao, utakubali uitwe mjomba?"

Maneno hayo yakamfikia Fiston. Akamwita kwenye ua wa mazoezi, akamkalisha kwenye kiti chake mwenyewe, bendi nzima ikitazama.

"Mama Nsimba! Bado umeninunia? Maharagwe yako ndiyo yaliyonikuza."

"Maharagwe nilikupa. Wimbo sikukupa."

Bendi ikaangua kicheko, na Fiston naye akacheka.

"Basi nikurushie jiwe, mama. Bure kabisa! Jumamosi mji wote usikie: Mama Nsimba!"

"Na Nzuzi?"

"Nani?"

Hapo ndipo palipomchoma. Maharagwe aliyakumbuka, aliyeliliwa hakumkumbuka.

"Mama yako hakukufundisha?" akauliza. "Pacha hapewi kitu peke yake. Hata mmoja akiwa kaburini, ukimpa huyu mkate, na yule unamwekea wake. Ukiniita mimi, mwite na yeye. Huwezi, nyamaza."

"Pale kwa Nzuzi amekaa Didi, mama, na Didi hatoki. Nafasi iliyobaki ni moja tu."

"Basi baki nayo."

Akasimama, akajifunga kitenge upya.

"Mama huyu ana kiburi!" mpiga ngoma akasema.

"Nilizaliwa nacho. Tulikuwa watatu tumboni."

Jumamosi Fiston akalirusha hivyohivyo. Jirani wa Nsimba, Mama Kapinga, akaja mbio, kanga mkononi, kiuno kinacheza.

"Umetajwa! Mama we, umetajwa kabla hata ya mbunge!"

"Nimetajwa nusu."

"Ee! Wewe hata ukipewa mbingu utauliza mbona haina kibaraza."

Akaondoka, akaenda kucheza na wenzake. Tangu siku ile wateja humwita Nsimba Jiwe la Fiston, wakidhani wanamheshimu, na hakuna anayemuuliza tena habari za Nzuzi.

Jioni Nsimba huandaa sahani mbili. Ya pili huiweka upande wa pili wa meza, mbele ya kiti kitupu. Baa huanza. "Mama Nsimba!" Fiston hupaza sauti, na gitaa linapovuta pumzi, Nsimba hujibu, "Na Nzuzi." Sauti yake haivuki barabara.

Mama Kapinga humwambia afunge mlango, kelele zipungue. Hafungi. Ataombaje afunguliwe, na wake umefungwa?