Kompyuta Iliponyamaza

Jamani, mnicheke tu. Huu ni mwaka wa pili naishi peke yangu katika chumba cha kupanga hapa Buseresere, nahariri video za harusi za watu. Kompyuta yangu ilikuwa inachemka, na feni yake inanguruma kama karasha la kusaga mawe ya dhahabu. Nikawaonea huruma majirani. Nikaipangusa vumbi, nikaifungia feni kubwa ya mtumba inayozunguka polepole, nikaishikiza kwa vipande vya tyubu ya baiskeli isitetemeke. Kimya! Nikavaa hedifoni, nikajifungia na kazi zangu.

Siku ya tatu, mchana, mlango ukavunjwa. Walinikuta na bukta, nacheza mbele ya skrini pamoja na wapambe wa bwana harusi nisiyemjua. Wapangaji wote wamejaa mlangoni. Mbele yao Mama Kulwa, wa chumba cha pili, khanga kiunoni, macho mekundu.

"Tumegonga mpaka tumechoka," akasema. "Mngurumo wako hatuusikii tangu juzi, tukajua umeshafariki."

Nikavuta shuka, nikaomba radhi.

"Samahani, baba," akaongeza kwa upole, "hivi unaitwa nani? Nimekulilia pale nje, nikakosa jina la kutaja."