Jezi Isiyofuliwa

Jezi ya taifa ya mume wangu ilikuwa feki, na ninasema hivyo kwa mapenzi. Aliinunua sokoni Kamwokya, kwenye kibanda kilichotazamana na meza yangu ya viatu vya mitumba, na ndivyo tulivyojuana. Alikuwa ameshika jezi mbili, moja ya manjano na moja nyekundu, akanigeukia mimi asiyenijua, akauliza kwa Kiswahili cha jeshini, "Wewe mama, gani iko sawa?" Nikamwambia mimi Mkenya, timu yenu hainihusu. Akacheka, akalipia ya manjano, akaivaa palepale juu ya shati. Yule korongo wa kifuani, ndege wa nembo ya taifa lao, alikuwa ameshonwa upande, utadhani anateleza. Mwaka haukuisha nikawa nakaa naye kwenye kambi ya jeshi.

Mtu ambaye hajaishi na shabiki atadhani jezi ni nguo tu. Mume wangu ni mtu wa kaskazini, mpole, wa maneno machache. Unaweza kukaa naye tangu chai hadi chakula cha jioni asikuambie kitu. Lakini siku ya mechi, akishaivaa ile jezi, mdomo unafunguka. Anasalimia laini nzima, ile safu yetu ya nyumba, mlango kwa mlango, hata kwa yule jirani waliyenuniana naye kwa ajili ya kuku. Kambini kila nyumba ina lugha yake, huyu Kiacholi, yule Kilugbara, yule Kiteso, na nje tunaelewana kwa Kiswahili. Siku ya mechi, ikifika saa kumi, wote ni manjano, huwezi kujua nani katoka wapi. Isipokuwa mimi. Mimi nilikuwa na gauni langu na jina langu la kambini, Mukenya, na nilikuwa nawatazama kutoka mlangoni nikitamani sana kuwa mmoja wao, ingawa nisingekubali kusema hivyo hata ungenikaba.

Halafu wakampeleka misheni, Somalia, mwaka mzima. Jana yake timu ilikuwa imecheza, na jezi alilala nayo. Asubuhi akaivua, akaitundika kwenye msumari nyuma ya mlango, akavaa sare. "Hii ibaki hapo," akasema. Basi. Sikumwuliza kwa nini. Nilikuwa najikaza nisilie mbele ya lori lililokuja kuwachukua.

Mwezi wa nne tangu aondoke nikasikia Jumamosi timu inacheza tena. Nikaitazama ile jezi, na nisidanganye, ilikuwa inanuka. Mimi nimelelewa na mama ambaye nguo chafu kwake ni kama mgeni mwizi, hailali ndani. Nikasema, loo, huyu bwana ataniaibisha. Siku hiyo ilikuwa Jumanne. Nikaitia kwenye beseni, nikaipaka sabuni ya mche, nikaisugua kola mpaka vidole vikauma, nikaianika kwenye kamba ya nje, palepale kila mtu anapopita na jerikani akienda bombani. Kisha nikakaa mlangoni kumenya matoke, nimeridhika na nafsi yangu.

Wa kwanza kuja alikuwa mke wa sajini, mkubwa wetu katika laini. Alivua ndala nje, jambo ambalo hajawahi kunifanyia, akaingia akakaa mkekani. Nikamkaribisha chai, akatikisa kichwa. Akaja jirani wa kulia na mkaa kwenye ndoo, akauweka pembeni bila neno. Akaja mwingine na sukari. Mwisho akaja jirani wa kushoto, muuza samaki wa mwalo wa Ggaba, ambaye hatujawahi kumaliza wiki bila kugombania kamba ya nguo. Alinitazama tu, akasema, "Bambi," kwa ile sauti ya kumhurumia mtu, akakaa karibu nami akanishika goti.

Hapo nikajua. Sajini mwenyewe alikuwa kikosi kimoja na mume wangu. Amepiga simu, nikawaza, amempigia mkewe, na hawa wamekuja kuniambia. Nikaendelea kumenya. Niliona kwamba maadamu hakuna aliyesema, mume wangu bado yu hai, kwa hiyo kazi yangu ni kumenya na kunyamaza. Nilimenya matoke ya siku ile yakaisha, nikavuta ya kesho. Walikuwa wanaitazama mikono yangu. Mmoja akaanza kufuta machozi kwa leso, na hapo nikashindwa.

"Semeni basi!" nikapiga kelele, nikatupa kisu. "Semeni mmeambiwa nini!"

Wakatazamana.

"Sisi?" akasema mke wa sajini. "Si wewe ndiye umepigiwa simu?"

"Simu gani? Mimi nani kanipigia?"

"Sasa kama hakuna simu, hiyo jezi umeifua kwa nini?"

Ndiyo siku niliyojifunza. Nguo ya mwisho ambayo mwanamume wa misheni ameivua nyumbani kwake haifuliwi. Inamngoja na jasho lake. Akirudi ataivaa kwanza, ndipo itaingia majini. Ukiiona kwenye kamba na mwenyewe hayupo, ujue mke anatayarisha nguo za marehemu awagawie ndugu. Kila mwanamke wa laini ile alilijua hilo, na hakuna aliyewahi kuniambia, maana nani angedhani mtu mzima, mke wa askari, halijui?

Tulicheka, jamani. Muuza samaki alinitukana kwa Kiganda kisha akahamia Kiswahili nisije nikakosa hata tusi moja: "Banange, nimeacha samaki wangu juani kwa sababu yako!" Mke wa sajini alinichapa begani na ndala yake, mara mbili, halafu akainamisha kichwa akalia kwa kwikwi, kwa sababu mumewe naye alikuwa hukohuko. Mkaa na sukari walikataa kuvichukua.

Walipoondoka niliianua jezi, nikajifunika nayo usoni. Sabuni tupu. Nikaitafuta makwapani, kwenye kola, kwenye mshono. Hakuna kitu. Nililia kilio ambacho sikulia mbele ya lori. Nilimtaka mume wangu, na kama haiwezekani, basi nilitaka ile harufu niliyoionea aibu asubuhi, nami ndiye niliyeimwaga mtaroni kwa mikono yangu.

Jumamosi nikaivaa. Mikono ilinifika viwikoni, nami nikaenda kukaa mbele ya televisheni ya mke wa sajini pamoja na wengine wote, wa manjano. Nilishangilia sehemu yangu na sehemu ya mume wangu. Siku ile hakuna aliyeniita Mukenya, na tangu hapo nikawa naivaa kila mechi, miezi iliyobaki yote.

Akarudi. Amekonda, lakini mzima, miguu miwili, mikono miwili, nilimhesabu. Jumapili ya kwanza ikaangukia siku ya mechi. Akaivaa jezi yake, mdomo ukafunguka, akasalimia laini nzima, na mimi nikakaa na gauni langu nikimtazama mpaka nikasahau kutazama mpira. Tulitoka sare. Aliingia ndani ameloa jasho chapachapa, akaivua jezi, akaitupa kwenye beseni la maji kama zamani.

Niliruka. Sijui niliruka vipi. Niliidaka mkono mmoja wa jezi ukiwa umeshaingia majini, nikaukamua, nikaenda kuitundika kwenye msumari wake nyuma ya mlango. Nilipogeuka alikuwa amesimama kifua wazi, ananitazama.

"Nani amekuambia?" akauliza, polepole.

Hakuna aliyeniambia. Nilikuwa nimeogopa tu kuiona ile jezi majini, basi. Nikatafuta mkeka ulipo, nikakaa.

"Wanakupeleka lini tena?" nikasema.

"Mwezi ujao."

Sasa ni wiki ya tisa tangu aondoke. Jumamosi hii timu inacheza, na wenzangu wameshaanza kuniita nje. Nitakwenda kushangilia na gauni langu. Jezi haitoki msumarini.