Mwongozo wa Makena na Foleni ya Mawe

Makena alitoka Lodwar na msafara wa asubuhi, askari mbele na askari nyuma, kwenye gari ambalo mlango wake ulikuwa na matundu ya risasi za majambazi. Diski zake alikuwa amezifunga kwa leso zisiingie vumbi.

Ilikuwa mwaka 1997. Shirika lake lilikuwa limeanza kugawa chakula kwa kompyuta katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma, na yeye, binti wa Meru aliyesoma chuoni, ndiye aliyeandika mwongozo wa kutumia programu hiyo. Kilichobaki ni kuchagua ufike kwa makarani kwa namna gani. Ungeweza kukaa ndani ya programu yenyewe, maneno matupu yanayoitwa kwa kitufe kimoja. Au ungekuwa PDF, kitabu kamili chenye picha na majedwali, sura ileile popote kifunguliwapo. Kariuki, mkubwa wake, alitaka PDF, ili wafadhili waifungue huko kwao waone kitu cha maana. Makena naye aliipenda. Majedwali yale alikuwa ameyahangaikia. Kwenda kuijaribu Kakuma kulikuwa kutimiza wajibu tu.

Nje ya ghala, foleni ilikuwa ya mawe. Wanawake walikuja alfajiri, kila mmoja akaweka jiwe lake mahali pake, kisha wakaenda kukaa kivulini. Zamu zilipokaribia walirudi kusimama, kila mtu na jiwe lake miguuni.

Zamu ya mmoja wao, Agot, ilipofika, kompyuta ilidai ameshachukua chakula. Hakuwa amechukua. Nyaruach, karani aliyekaa kwenye kompyuta, alijua lazima kuna njia ya kurekebisha, akaenda kufungua PDF aitafute. Mashine ile kuukuu ikakataa. Haikuweza kubeba vyote viwili, programu ifungwe kwanza. Akaifunga. Orodha ya majina ikatoweka, kioo kikabaki cheupe, na waliokuwa dirishani wakaona.

Agot aligeuka akawaambia wenzake kwamba wamefutwa. Neno likakimbia hadi mwisho wa foleni, na kila aliyelisikia alikuwa na jiwe karibu.

Thon, karani wa dirishani, alinyoosha mikono kuwatuliza. Jiwe likampata jichoni. Akaanguka juu ya magunia, damu ikimtoka katikati ya vidole, akimwita mama yake kwa Kidinka. Wavu wa dirisha ukang'olewa. Polisi wakaingia na marungu, wakapiga bila kuchagua. Makena, chini ya meza, alisikia mkono wa Agot ukivunjika, halafu risasi angani, halafu vishindo vya watu wakikanyagana. Juu yake Nyaruach alikuwa bado anatafuta, na kurasa zikifunguka polepole, moja baada ya nyingine, nzuri kweli.

Hatimaye akapata. Ulikuwa mstari mmoja.

"Dada," akasema kwa sauti tulivu, "kitabu yako ni mzuri sana. Lakini imefika baada ya mawe."

Huko Lodwar, Kariuki alimpa pole, kisha akauliza wafadhili wataonyeshwa nini sasa.

"Waonyeshe jicho la Thon," Makena akajibu.

Alikata picha, akakata majedwali, akakata na utangulizi alioupenda, mpaka yakabaki maneno mafupi yanayojitokeza pembeni mwa kioo bila kufunika orodha. Kariuki alimwambia ghasia zikitokea tena, asirudi kazini. Akakubali.

Mgao uliofuata alikuwepo. Thon hakuwepo, alikuwa amepoteza lile jicho. Kosa lilelile likajitokeza kwa mwanamke aliyekuwa mbele ya Agot, na minong'ono ikaanza. Agot, mkono mmoja ukiwa kwenye bandeji, aliinama akaokota jiwe lake kwa ule mwingine.

Nyaruach akabonyeza kitufe. Maneno yakatokea pembeni. Majina hayakuondoka.

Agot alikitazama kioo muda mrefu. Mwenzake alipopewa karatasi yake ya chakula akapita, yeye alisogea, akaliweka jiwe chini, mahali pa yule aliyetoka.